Daftari la Msoma Mita

Miaka ishirini na tisa nimeinama
kwenye visanduku vya zege, nafukuza mijusi,
nafuta kioo kwa kidole gumba.
Wengine wameuona mji wa Moshi kwa mapaa yake.
Mimi nimeusoma kwa ndoo.

Majengo, kwa Bi Nakijwa: vyumba sita,
ukumbi katikati kama uti wa samaki,
uani choo, jiko na mti wa mlonge.
Mwaka nilioanza kazi, uniti kumi na nne.
Kisha ukumbi ukakatwa kwa pazia,
pazia likawa ubao, ubao ukawa tofali,
jiko likapangishwa kwa fundi viatu,
na pale barazani alipokuwa akianika mchele
zikaota fremu tatu: vocha, kinyozi, chipsi.
Uniti sitini na moja.
Foleni ya ndoo huanza kabla ya adhana ya alfajiri.
"Nyumba ni ileile, mwanangu," aliniambia,
"ila siku hizi inalala kwa zamu."

Pasua nilifika ikiwa bado na majaruba,
vyura wengi kuliko watu.
Nilivua viatu kuifikia mita ya kwanza.
Viwanja vikapimwa, vikauzwa,
nusu kiwanja, robo kiwanja, uchochoro nao ukauzwa,
hadi leo mtu akipiga chafya
anayemwombea afya ni jirani, yuko kitandani kwake.

Halafu nilikuwa navuka kwenda Shanti.
Jina la mabanda, lakini hakuna banda:
ekari nzima, nyumba moja, mjakaranda,
mbwa wawili wanaonijua kwa harufu.
Uniti tisini. Wakazi wawili.
Mengine yote yalinywewa na nyasi.
Niliandika bila kusema neno,
msoma mita hana safu ya maoni.

Na kwetu je, Kibosho?
Msonge wa babu ulikuwa na mlango mmoja,
nyasi kutoka kileleni hadi ardhini,
ng'ombe upande huu, watu wanane upande ule,
moshi mmoja kwa wote.
Migomba ilianza mlangoni, hukuona inapoishia.
Babu akagawa kihamba kwa watatu,
baba akagawa cha kwake kwa wanne.
Mimi nina migomba kumi na tisa.
Asubuhi nikijinyoosha vibaya
nagusa masale ya pande zote mbili.

Kipande cha kaka Aikaeli kimebeba ghorofa.
Vyumba sita, vigae, geti la kusukuma.
Yeye yuko Mwanza, na vyuma vyake chakavu.
Januari nilisoma mita: 0212.
Machi: 0212.
Agosti, mvua ya manyunyu, ukungu hadi kwenye geti: 0213.
Hiyo moja ni ya Ndeshi mlinzi,
anayelala stoo, juu ya magunia ya saruji,
kwa kuwa hakuambiwa alale kwingine.

Vyumba sita kwa Bi Nakijwa, watu thelathini na wanne.
Vyumba sita kwa kaka, Ndeshi, naye yuko stoo.
Nilijaribu kuzijumlisha kwenye ukurasa mmoja,
peni ikakataa. Au mkono.

Mwaka huu wametuaga kwa soda na keki.
Mita mpya zinajisoma zenyewe.
Nimerudisha fulana na tochi ya ofisi.
Daftari sikulirudisha.

Tarehe ishirini na nne Desemba waliteremka magari manne,
watoto wakalala koridoni kama samaki sokoni,
shemeji akapigania bafu na wifi yake,
na kwenye bomba la nje, naapa, foleni ya ndoo!
Usiku nilitoka, nikainama kwa mazoea.
Sindano ilikuwa inakimbia.
Nilikaa pale hadi magoti yakauma.

Tarehe tatu Januari, Ndeshi alifunga geti,
akakunja magodoro, akarudi kwenye magunia.
0240, nikaandika.
Kisha nikaenda kwangu, hatua kumi na nane,
nikabandika ndizi jikoni.